Jembe la Mama, Hati ya Baba



Ndugu wapendwa, mmetuomba tuzungumze juu ya nafasi ya mwanamke katika kazi na katika jamii, na jinsi vita vinavyoibadili. Tungeweza kuanzia Ulaya, ambako vita vikuu viwili viliwapeleka wanawake viwandani, na amani ilipokuja wengi wakaambiwa warudi jikoni. Lakini hapana haja ya kwenda mbali. Wengi wetu katika ukumbi huu tumelelewa na nyanya waliochimba handaki. Tuanzie kwao.

Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na wanaume maelfu kwa maelfu, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Wengine walikuwa tayari msituni, Nyandarua na Mlima Kenya. Wengine walikuwa wamejiunga na walinzi wa serikali, ndio homugadi. Nyumbani walibaki wanawake, watoto na wazee. Tangu katikati ya mwaka huo serikali iliwaondoa watu katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamewekwa katika vijiji vipatavyo 800.

Nani aliyevijenga? Kwa desturi ya Wakikuyu, kusimamisha nguzo na kufunga paa ilikuwa kazi ya mwanamume. Mwanamke alileta nyasi na kukandika udongo. Katika vijiji vile mwanamke alilazimika kufanya yote mawili, na mara nyingi nyumba yake ya kwanza ilikuwa imeteketezwa mbele ya macho yake. Asubuhi aliitwa kwenye shokoa: kuchimba handaki la kijiji, kuchimba lile handaki refu la kandokando ya msitu lililokusudiwa kuwatenga wapiganaji na chakula, kutengeneza barabara, kuchimba matuta. Shamba lake mwenyewe alipewa muda mfupi tu, kabla ya amri ya kutotoka nje kuanza. Watoto walikufa kwa njaa na maradhi katika vijiji vile. Wanawake kwa maelfu walifungwa, wengi wao Kamiti. Kuna mambo waliyotendewa ambayo hatutayataja hapa, lakini yalitajwa London, mahakamani, na mama Jane Muthoni Mara akiwa miongoni mwa washtaki wa kwanza. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228, wake kwa waume, fidia ya karibu pauni milioni 20.

Wala Kanisa lisijitoe katika habari hii. Wako Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo, nasi twawaheshimu. Lakini wamisionari wengi walisimama upande wa serikali, na mama aliyetoka kuchimba handaki hakusikia daima sauti ya kumtetea kutoka altareni.

Ukienda bustani ya Uhuru, Nairobi, utaona sanamu ya ukumbusho iliyozinduliwa mwaka 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja amegeuza uso wake upande mwingine, ili yeyote atakayekamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Ni sanamu nzuri. Hata hivyo, twaona kwamba imesema nusu tu ya habari. Huyo mama, baada ya kutoa chakula, alirudi kulima.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotuleta. Katika miaka ile ile ya vita, serikali ilianza kutekeleza mpango wa kilimo wa mwaka 1954, uliojulikana kwa jina la Swynnerton. Vipande vidogo vidogo vya ardhi vya kila familia vilikusanywa kuwa shamba moja, likapimwa, likaandikishwa, na hati ikatolewa. Kamati za wazee ziliketi kuamua mipaka huku wenye mashamba wengi wakiwa vizuizini. Wako waliotoka kizuizini wakakuta ardhi yao imepungua, au haipo. Malalamiko ya wanaume hao tumeyasikia sana. Ya wake zao hayakusikika, kwa kuwa wao hawakuwa na jina la kufutwa.

Yafaa tueleze vizuri. Zamani ardhi ilikuwa ya mbari. Mwanamke alipoolewa alionyeshwa shamba lake la kulima, nalo liliheshimiwa kuwa lake la kulishia nyumba yake. Mumewe asingeamka siku moja akalitoa kwa mtu mwingine bila wazee kumwuliza. Hatusemi kwamba desturi ile ilikuwa kamilifu, kwani binti hakurithi kama ndugu zake wa kiume. Lakini haki ya mke ilikuwako, na majirani waliijua. Hati ilipoandikwa, iliandikwa kwa kawaida jina moja tu, la mwanamume, na sheria ya ardhi ya mwaka 1963 ikampa mwenye jina lile umiliki kamili. Ile haki ya mke iliyojulikana na majirani haikupata mstari katika karatasi. Hivyo, katika miaka ambayo mikono ya wanawake ilifanya kazi kuliko wakati wowote, ndipo majina yao yalipoachwa nje.

Baada ya Uhuru wanawake hawakuketi. Katika mkoa wa Kati walianzisha vikundi vya kununuliana mabati, leo paa la huyu, kesho la yule, wakalipa karo za shule kwa kahawa na maziwa, waume zao wakiwa kazini mijini. Katika siasa walichelewa: mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, Grace Onyango, aliingia Bungeni mwaka 1969.

Sheria nayo imekuja polepole. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 ikaanza kutumika mwaka 1981. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba binti asinyimwe urithi wa baba kwa sababu tu ataolewa. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikasema wazi kwamba mchango wa mume au mke si fedha peke yake: kulea watoto, kutunza nyumba, na kulima shamba ni mchango. Someni neno hilo, kulima. Limeandikwa zaidi ya nusu karne baada ya handaki.

Lakini, ndugu zetu, sheria hukaa Nairobi na barua ya chifu hukaa kijijini. Kesi zinazoletwa kwetu ni za namna moja. Mzee amefariki. Wana wanakwenda kwa chifu kupata barua ya kuwataja warithi, na barua inatoka bila jina la dada yao, au bila jina la mama wa pili, ambaye alilima lile shamba miaka 30. Wanaotia sahihi si wapagani. Mara nyingi ni wazee wa kanisa hili hili, na wengine wameketi hapa.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai fungu la baba yao aliyefia jangwani bila mwana. Musa hakuwaita wakaidi. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Watu hupenda kuishia hapo. Endeleeni mpaka sura ya 36, mtawakuta wazee wa ukoo wamerudi kwa Musa na hofu ya ardhi kuhama, na binti wale wakawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao. Hofu ya wazee wetu, basi, si ngeni, wala hatuidharau. Lakini angalieni: hata baada ya sharti lile, hakuna aliyewanyang'anya fungu lao.

Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1995, aliwaita wanawake walimu wa amani. Tunalipenda neno hilo, tunalirudia kila sherehe ya akina mama. Mwalimu huyo akifiwa na mume, je, atafundishia wapi, akiwa ametolewa nyumbani?

Kwa hiyo tunaziomba kamati za haki na amani za kila jumuiya ndogo ndogo kufanya jambo moja mwaka huu. Kunapotokea msiba, kabla barua haijapelekwa kwa chifu, watu wawili wa kamati, mmoja wao mwanamke, waketi na familia na kuandika majina ya wajane wote na watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Orodha hiyo isomwe mbele ya familia nzima. Ikiwa chifu atatoa barua yenye majina pungufu, orodha yenu ipelekwe mahakamani pamoja na pingamizi; ofisi yetu itawasaidia kuiandika.

Baada ya chai tutapitia fomu zenyewe. Akina mama mliokuja na karatasi zenu, tuleteeni nakala. Hati yenyewe msiiache kwa mtu yeyote, hata kwetu.