Ufadhili wa Walimu Mkoani Mara

Inapotajwa hazina ya kuwasomesha walimu, sisi watu wa Mara tunayo hoja, maana Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama aliyeanza masomo Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934, alipelekwa Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali, naye aliporejea na shahada yake mwaka 1952 akasomesha Pugu.

Kadhalika mjini humu humu, Novemba 1974, Azimio la Musoma lilikata shauri kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliohitimu darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini mwao. Walilaumiwa kwa uchache wa elimu, wala lawama ile haikukosa insafu. Lakini kwa njia hiyo ualimu uliwafungukia watoto wa wakulima na wavuvi, na fadhila hiyo haifai kusahauliwa.

Leo Bodi ya Mikopo hukopesha hata baadhi ya wanachuo wa stashahada ya ualimu. Mkopo, hata hivyo, ni deni, na binti wa Tarime aliyenusurika ukeketaji, au kijana asiyeona wa Bunda, aghalabu huliogopa deni kabla ya kuuogopa mtihani. Hao nawaombea ufadhili usiorejeshwa, kwa sharti la kusomesha mkoani miaka kadhaa. Na halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zianze sasa, ijapokuwa kwa mabinti wachache wa hisabati na fizikia.