MBWA WAKO ANAPOBADILIKA TABIA

Leo tuiache kidogo migomba na kahawa, tumtazame mlinzi wa kibanja chenyewe, yaani mbwa.

Tuseme unakaa Hamugembe, mjini Bukoba. Nyumba zimekaribiana, na watoto hupita uani kwako kila siku wakienda shule. Mbwa wako ni mpole siku zote. Leo asubuhi umemwita, hakuja. Amejificha migombani, chakula hataki, mate yanamtiririka na taya la chini linaning'inia. Wengi wetu tutasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa." Halafu tutampanua mdomo na kuingiza mkono tuutoe.

Ndugu msikilizaji, usifanye hivyo! Huenda huyo ana kichaa cha mbwa, na vijidudu vya ugonjwa huo vimo ndani ya mate hayo hayo.

Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ya kwanza twaijua sote: mbwa hukimbia ovyo, sauti hubadilika, huuma watu, mbwa wenzake, ng'ombe na mbuzi, hata vijiti. Sura ya pili ni ya kimya. Mbwa hujitenga, hupepesuka, koo na taya hupooza, hawezi kumeza. Hii ndiyo inayotudanganya, kwa sababu tunamngojea mbwa mkali, kumbe mgonjwa amelala kimya mlangoni.

Basi shika neno moja: badiliko. Mpole akiwa mkali ghafla, au mkali akianza kujificha, mshuku. Ni kweli, si kila mbwa anayekataa kula ana kichaa. Yako maradhi ya kupe, iko minyoo, na mifupa nayo hukwama. Lakini kupambanua ni kazi ya mtaalamu wa mifugo.

Sasa ufanye nini? Kwanza, waondoe watoto. Kama mbwa yumo uani au bandani, funga mlango bila kumshika, kisha mwite afisa mifugo wa kata. Akibidi kuuawa, asipigwe kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa maabara. Mzoga usiushike kwa mikono mitupu.

Pili, mtu akiumwa au akikwaruzwa, au mate yakimwingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni, usingoje. Osha jeraha palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Huna bomba? Mwenzako amimine maji kwa kopo. Machoni na mdomoni tumia maji safi matupu. Usipake mafuta ya taa wala pilipili, wala usinyonye jeraha. Kisha nenda hospitali siku ile ile ukachomwe chanjo, na uimalize yote kama utakavyopangiwa. Usiseme, "Kidonda ni kidogo." Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila kuonekana. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Mbwa aliyeuma akiwa bado mzima, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Lakini wewe usizingoje siku hizo nyumbani. Anza matibabu, daktari ndiye atakayesema usimamishe au uendelee.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mchanje mbwa kabla hajaugua. Mtoto wa mbwa apate chanjo akifikisha miezi 3, halafu arudiwe kila mwaka. Mmoja akichanja na jirani asichanje, mtaa wote bado uko hatarini. Wataalamu wanataka angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Wenzetu wa Pemba wametuonyesha. Kwa kuchanja mbwa waliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kisiwani. Hawakukata tamaa, wakachanja upya, na mwaka 2018 wakaushinda mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, siku ya chanjo ikitangazwa mtaani kwako, mfunge mbwa wako kamba, umpeleke mwenyewe, na umgongee jirani mlango mwende pamoja. Kamba hiyo moja yaweza kuokoa mtoto wako na wa jirani.

Hadi kipindi kijacho, kwaherini.