Uniti 30 za Mnyonge: Stima, Kipimo na Amana

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika mwezi wa Ramadhani, baada ya Swala ya Alasiri)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu. Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mmezoea katika vikao kama hivi kusikia masala ya funga, ya zaka na ya Lailatul Qadri. Leo tutazungumza juu ya stima. Naam, stima, ile tokeni inayokwisha saa tisa za usiku, mama yuko jikoni anatayarisha daku. Nawaomba subira kidogo, kwani mtaona kuwa ndani yake mna jambo la kipimo, la jirani na la amana, na mambo hayo si mageni msikitini.

Swali letu ni hili. Serikali yetu imeweka bei nafuu ya stima kwa nyumba zenye matumizi madogo, kwa nia ya kumsaidia mtu wa kipato cha chini. Je, bei hiyo inamfikia aliyekusudiwa? Na ikiwa haimfikii, ni nani aliyesimama katikati?

KWANZA, TUUJUE MSAADA WENYEWE

Mtu hawezi kudai haki asiyoijua. Zamani kila mteja wa nyumbani alikuwa akitozwa shilingi 150 kila mwezi, hata kama hakuwasha taa siku moja. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2018. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, bei ya nafuu iliwekewa anayetumia uniti 10 tu kwa mwezi. Uniti 10, ndugu zangu! Haziwatoshi hata wanafunzi wawili wanaosoma usiku chini ya feni. Kufikia Novemba kikomo kikapandishwa mpaka uniti 100.

Kisha Januari 2022 serikali ikapunguza gharama ya stima kwa asilimia 15, kwa watu wote. Hapa tutulie kidogo. Punguzo la watu wote lasikika zuri, lakini hebu lipigieni hesabu. Anayelipa shilingi 500 kwa mwezi ameokoa shilingi 75. Anayelipa shilingi 10,000, mwenye friji mbili na mashine ya kupoza hewa kila chumba, ameokoa shilingi 1,500. Aliyenacho ndiye aliyepata fungu kubwa. Ndiyo maana punguzo linalomlenga mwenye haja lina maana zaidi, kama litamfika.

Aprili 2023, mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilitangaza bei mpya na kuwagawa wateja wa nyumbani mafungu matatu. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa uniti. Aliyepita 30 lakini asizidi 100, shilingi 16.30. Aliyepita 100, shilingi 20.97. Hiyo ni bei ya msingi. Juu yake huja gharama ya mafuta ya kuzalisha stima, mabadiliko ya thamani ya dola, VAT ya asilimia 16 na asilimia 5 ya kusambaza umeme mashambani. Bei hizi hupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo ukisoma maneno haya baadaye, angalia tarakimu za wakati wako. Mwendo wa hesabu ni ule ule.

UNITI MOJA KWA SIKU

Uniti 30 kwa mwezi ni uniti moja kwa siku. Inafanya nini? Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane za usiku inakula karibu nusu uniti. Balbu mbili za wati 10 kwa saa tano ni sehemu moja ya kumi ya uniti. Televisheni ya wati 80 kwa saa nne ni kama theluthi. Jumlisha kwa mwezi mzima: uniti 27. Hapo hujaweka friji. Hujapiga pasi kanzu, na pasi ya wati 1,000 inamaliza uniti nzima kwa saa moja tu.

Basi yuko ndani ya kikomo, lakini kwa ncha ya kucha. Na tena, kikomo ni kimoja kwa nchi nzima. Mtu wa Limuru hulala na blanketi mbili. Mtu wa Mombasa, wa Garissa, wa Mandera, bila feni mtoto mchanga hulala akitoka vipele. Kwetu sisi feni si anasa. Hilo nalo ni jambo la kusemwa pale maoni ya wananchi yanapochukuliwa, na nitalirudia.

Halafu kuna mwezi wetu huu. Kampuni huangalia wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita kukupanga fungu lako. Chukua nyumba ya uniti 27. Ikifika Ramadhani taa zinawaka usiku kucha, jiko la stima linapasha futari na daku, wageni wanaingia na kutoka. Uniti zimefika 45. Wastani wa miezi mitatu unakuwa 33. Umehamishwa fungu, na utakaa huko mpaka mwezi huo utoke kwenye hesabu. Unarudi kwenye uniti zako 27 lakini unazilipia shilingi 16.30, zaidi ya shilingi 110 kila mwezi, kabla ya kodi. Kwa hiyo ukiona tokeni za Shawwal ni chache kwa pesa ile ile, usiseme mita ina jini. Ni futari zinahesabiwa.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Sasa tufike kwenye kiini. Nyote mwaijua nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma. Majengo iko, Kisauni iko, Likoni iko. Kila chumba kina familia yake na chungu chake. Lakini mita ni moja.

Tuseme kila familia inatumia uniti 20. Ni watu wa chini kabisa katika matumizi. Msaada huu waliwekewa wao. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 244 na senti 40 kwa bei ile ya msingi. Lakini mita haijui kuna familia sita. Mita inaona uniti 120, inasema huyu ni mkubwa, atozwe shilingi 20.97. Kila chumba sasa kinalipa shilingi 419 na senti 40. Tofauti ni shilingi 175 kwa mwezi, shilingi 2,100 kwa mwaka, kwa kila chumba. Nyumba nzima, shilingi 12,600.

Mwajua maana yake? Mama muuza viazi karai anatozwa bei ya mwenye jumba la ghorofa. Wakati huo huo kijana mmoja aliye peke yake katika nyumba yake, analala tu na kutoka kazini usiku, hafikishi uniti 30. Yeye anapata nafuu. Msaada umepotea njia. Hakuna aliyeuiba, lakini hakufika mwenyewe.

Na bado hatujafika kwa yule mwenye nyumba anayeongeza lake. Wapo, na tuseme kweli kwa kuwa tuko katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Stima ya chumba imemgharimu mia nne na kitu, yeye anakata mia nane, sawa kwa mwenye balbu moja na mwenye friji. Ukimwuliza risiti, anakwambia kama hutaki hama. Ndugu zangu, Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Sisi tukiisoma tunamfikiria muuza mchele na mizani yake. Je, mita si kipimo? Uniti si pishi ya zama hizi?

MWENYE NYUMBA NAYE ANA LAKE

Lakini uadilifu ni kusikiliza pande mbili. Mwenye nyumba atasema: mita ni pesa. Na ni kweli. Mwaka 2015 serikali ilipoanza mradi wa kufikisha stima majumbani, ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini mita sita kwa ada hiyo ni shilingi 90,000, mbali na nyaya za ndani. Mwenye nyumba ndiye atakayetoa, mpangaji ndiye atakayeokoa. Huyo mwenye nyumba mwenyewe pengine ni mjane, nyumba ni ya urithi, na kodi ndiyo chakula chake. Kumpigia kelele tu hakumsaidii mtu.

Basi tutafute njia ya katikati. Si lazima mita sita kwa siku moja. Tuseme imeongezwa mita moja tu, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Kila mita sasa inasoma uniti 60, na uniti 60 ziko fungu la kati, la shilingi 16.30. Nyumba imeokoa zaidi ya shilingi 560 kila mwezi. Ikiwa mita hiyo ya pili imegharimu shilingi 15,000, imejilipa kwa miaka miwili na robo. Wapangaji wakikubaliana kuchangia kidogo kidogo kutokana na wanachookoa, na mwenye nyumba akatanguliza, hakuna aliyeumia. Ofisi ya Kenya Power ndiyo itakayosema gharama halisi ya nyumba yako. Nenda ukaulize kabla hujakata tamaa.

Kuna na njia ya mita ndogo, zile mafundi hufunga kila chumba. Hizi hazibadilishi bei ya kampuni, msidanganywe. Ila zinaondoa dhuluma baina ya wapangaji, kila mtu alipe alichotumia. Hata hilo ni heri.

AMANA YA KILA MMOJA

Nimalizie kwa yanayotuhusu sisi wenyewe, maana ni rahisi kuilaumu serikali kisha tukaenda kufuturu.

Kwa wenye nyumba: toa risiti. Wapangaji waone tokeni zilinunuliwa kwa shilingi ngapi, wagawane kwa haki. Na kwa wale wanaosimamia nyumba za wakfu, hapo ndipo pa kuanzia. Nyumba iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu haifai iwe ndiyo inayompunja mpangaji wake.

Kwa wenye uwezo: wapo wenye nyumba moja, familia moja, wakataka mita mbili ili kila moja isome kidogo wajifiche chini ya bei ya mnyonge. Familia sita kutenganishiwa mita ni kupata haki yao. Familia moja kujigawa ni ujanja, na fungu lile si lako. Kama ulivyo huwezi kusimama kwenye foleni ya zaka, usisimame kwenye foleni hii.

Kwa wapangaji: ugumu wa maisha hauhalalishi waya wa kuchomeka kwenye nguzo usiku. Ni mali ya watu, na ni moto. Nyumba zetu za makuti na mbao hazingoji cheche mbili.

Kwa vijana, kazi ni yenu. Nyinyi mna simu na mna hesabu. Kaeni na wazazi mkasome ile meseji ya tokeni mstari kwa mstari: kiasi cha uniti, kodi, ada. Andikeni uniti za nyumba kila mwezi kwenye daftari. Pitieni nyumba za mtaa, muone ngapi zina mita moja kwa familia nyingi. Kisha, Katiba ya mwaka 2010 imempa mwananchi nafasi ya kushirikishwa, na EPRA ikitaka kubadilisha bei huita maoni. Siku hiyo wenye viwanda huja na mawakili. Nyinyi nendeni na daftari. Semeni: mita moja hapa ina familia sita, ihesabuni hivyo. Semeni: joto la pwani si la Limuru. Lalamiko bila tarakimu hupita kama upepo. Lenye tarakimu huandikwa.

Na kwa sote, usiku wa leo utakapoamka daku, sikiliza chumba cha pili. Kama kuna kiza na wewe una uniti, ujirani una haki yake. Tokeni ya shilingi 100 kwa jirani katika mwezi huu ni sadaka ambayo huenda ukaisahau, na Mola asiisahau.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza vipimo, atukubalie funga zetu, na awafungulie milango ya riziki wenye dhiki miongoni mwetu. Amin.