Aliyerudi Shule na Miaka 26
(Mazungumzo kwenye sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya mwanamke. Nitamzungumzia Mmarekani mweusi mmoja, Zora Neale Hurston. Alizaliwa Alabama mwaka 1891, akakulia Eatonville, Florida, mji mdogo ulioongozwa na watu weusi wenyewe. Baba yake alikuwa seremala na mhubiri, tena akawahi kuwa meya. Kwenye baraza la duka watu walikaa wakitoleana hadithi, na Zora akitumwa dukani alichelewa makusudi, asikilize. Watoto wetu tukiwatuma chumvi si ndivyo wanavyofanya?

Mama yake alifariki mwaka 1904, baba akaoa upesi. Zora akapelekwa shule ya bweni Jacksonville, lakini ada ikakoma kulipwa na masomo yakakatika. Akawa mtumishi wa nyumba za watu, mwaka baada ya mwaka. Jamani, habari hii tunaijua bila kwenda Marekani.

Mwaka 1917 yuko Baltimore, ana miaka 26. Shule ya bure ilikuwa ya vijana tu, basi akajipunguzia miaka kumi, akasema kazaliwa 1901! Mnacheka, lakini fikirini: mtu mzima kuketi darasani na watoto wa miaka kumi na sita. Akamaliza sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, huku akitengeneza watu kucha kwenye duka la kinyozi apate kujikimu. Mwaka 1925 mama mfadhili, Annie Nathan Meyer, akamtafutia nafasi Chuo cha Barnard, New York, akawa mwanafunzi mweusi peke yake. Huko Profesa Franz Boas akamfundisha anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na mila zao. Akahitimu mwaka 1928. Na hadithi za utafiti alikwenda kuzikusanya wapi? Eatonville, kwenye baraza lile lile! Zimo katika kitabu chake Mules and Men cha mwaka 1935.

Sasa nije kwetu. Miaka kumi hii tumekopeshana mitaji na ada za watoto. Mwanachama mwenyewe akitaka kurudi darasani, katiba yetu haina kifungu. Wapo wenzetu hapa walioishia darasa la saba, wanaona haya hata kuuliza. Mwenyekiti, naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, na hisa zangu mbili ziandikwe za kwanza kwenye mfuko huo.