Kitanda Usichokilalia
(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

Leo twataka kuzungumza habari za vijana wetu. Sitaeleza makosa yao, kwa maana hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Nataka kuwaeleza ninyi watu wazima juu ya kitu mlicho nacho, ambacho mimi, afisa wa elimu, sina.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mtu akipita katika milima ya Umatengo, huko Mbinga, huona mashamba yenye mashimo mengi, yamepangwa kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, kama mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Katikati hubaki shimo, na pembeni huwa matuta ya kupanda maharage, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni, wala hayachukui udongo kwenda nao bondeni.

Je, vijana walijifunza wapi kazi hii? Hawakuisoma kitabuni. Walijifunza kwa kulima pamoja na watu waliokwisha kuona kwa macho yao jinsi maji yanavyoharibu shamba la mteremko.

Hali kadhalika Wamatengo walikuwa na desturi ya sengu. Wanaume wa ukoo, yaani babu, wana na wajukuu, walikula pamoja mahali pamoja, na kila nyumba ilileta chakula chake. Walipokwisha kula walizungumza mambo ya ukoo. Vijana walisikiliza, wakafundishwa. Siku hizi desturi hiyo imepungua sana. Nyumba nyingi hula mbalimbali, na kijana aweza kukaa mwaka mzima bila kuzungumza na mtu mzima ila baba yake na mwalimu wake. Tena sengu ilikuwa ya wanaume. Leo wasichana nao wana haja ya mtu wa kuzungumza naye.

Sasa nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe nilipokuwa katika safari ya kazi huko Mpepai. Niliambiwa kwamba yuko msichana aliyeacha shule kwa sababu alipata mtoto. Nikaenda nyumbani kwao. Nikamweleza kwamba mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza ya kuwa wanafunzi walioacha shule, pamoja na wasichana waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Nikamweleza faida za elimu moja baada ya nyingine. Nilisema kweli tupu. Lakini msichana yule aliinama, akachora chini kwa kijiti. Nilipomaliza aliitika, "Ndiyo, mwalimu," akaingia ndani. Hakurudi shuleni.

Katika darasa letu la watu wazima alikuwamo mama mmoja aliyeacha shule zamani kwa sababu ile ile. Aliposikia habari hii alinyamaza. Baada ya siku chache alikwenda mwenyewe. Hakuanza na shule. Alikaa akasaidia kupukuchua mahindi, akambeba mtoto. Siku ya pili akamwambia, "Mwanangu, mimi nami niliona haya kupita mbele ya wenzangu. Nikakaa nyumbani miaka mingi. Leo ninajifunza kusoma pamoja na wazee." Ndipo msichana alipolia. Kisha mama akamwuliza, "Ukienda shule, nani atamlea mtoto asubuhi?"

Ndugu zangu, swali hilo mimi sikuliuliza. Sikulijua. Nilikuwa na habari za tangazo la Serikali, lakini sikuwa na habari za asubuhi ya mama mwenye mtoto mchanga. Mama yule alizungumza na bibi ya mtoto, wakapatana. Msichana alirudi shuleni. Siku ya kwanza mama alimsindikiza mpaka mlangoni, kwa sababu alikumbuka kwamba hapo ndipo haya inapouma zaidi.

Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi, kile kitu nilichosema kwamba mnacho ninyi, ni hicho. Ninyi mmelala juu ya vitanda hivyo, na kunguni wake mnawajua. Jambo mnalolionea haya, pengine ndilo litakalomsaidia mtoto wa jirani.

Si shule peke yake. Fikiri habari ya kahawa. Kijana mwenye shida ya fedha huiuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ndogo, kwa mtu atakayekuja kuichukua wakati wa mavuno. Huko Mbinga watu huiita biashara hiyo magoma. Mavuno yakifika, kazi ni yake, lakini fedha si zake. Ukimwambia "Usifanye hivyo" hatakusikia, kwa maana shida yake ni ya leo. Lakini mzee aliyepata hasara hiyo aweza kukaa naye na kumwonyesha kwa hesabu: nilipewa kiasi hiki, kahawa ikatoka kiasi hiki, nikapoteza kiasi hiki. Kisha amweleze jinsi alivyojitoa katika deni. Hapo kijana atasikiliza.

Hata zamani nchi yetu iliona jambo hili. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujifunza kuzuia magonjwa. Viongozi wa vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, wakarudi kwa jirani zao. Jirani huaminiwa, kwa kuwa hunywa maji ya kisima kile kile.

Lakini angalieni. Kupata taabu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mshauri mwema. Mtu ambaye bado yumo katika ulevi hawezi kumtoa mwingine katika ulevi. Basi shikeni mambo haya manne:

1. Sikiliza kwanza. Habari zako ni taa ya kumwangazia kijana njia, si ngoma ya kujipigia mwenyewe.
2. Sema kweli. Usifiche kosa lako, wala usijisifu kwalo.
3. Tunza siri ya kijana. Lakini ukiona yumo katika hatari, au anaumizwa na mtu, peleka habari upesi kwa watu wanaoweza kumlinda.
4. Wazazi wake wajue kwamba mnazungumza. Kutaneni mahali pa wazi, wala si gizani.

Na neno la mwisho. Usimwahidi kijana kwamba mambo yatakuwa mepesi. Mwambie kwamba wewe ulipita, na kwamba utakwenda naye hatua chache.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ngoro huzuiaje udongo usichukuliwe na maji?
2. Kwa nini msichana hakumsikiliza afisa wa elimu, lakini alimsikiliza mama yule?
3. Taabu gani umepita wewe, ambayo kijana wa kijijini kwenu anaipita sasa? Andika sentensi mbili katika daftari lako. Si lazima uzisome mbele ya wenzako.
4. Kijana huyo ni nani, na utakwenda kumwamkia siku gani?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.