Kocha apewe muda

Kocha mpya akitangazwa, mashabiki humhukumu kabla hajapanga kikosi. Agosti 2022, Sébastien Desabre alipomrithi Héctor Cúper kama kocha wa Leopards, timu ya taifa ya DR Congo, wachezaji wake walikuwa wamefungwa na Gabon na Sudan katika mechi mbili za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, na kukata tamaa kulieleweka. Mwaka 2024, kwenye kombe hilo, wakaitoa Misri kwa penalti, kipa Lionel Mpasi akipiga mwenyewe ile ya ushindi. Kabla ya nusu fainali, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji walifunika mdomo kwa kiganja, vidole viwili kichwani kama bunduki, kupinga vita vya mashariki mwa nchi yetu na ukimya juu yake. Sisi wa Djugu, huko huko mashariki, tulijua wanasema nini. Desabre alipewa muda, na timu ikafika nusu fainali; klabu zetu nazo ziwape makocha wao angalau msimu mzima.