"Aleji ya penisilini": Tuulize kabla ya kuandika
Mazungumzo ya afisa wa maabara na wahudumu wa afya ya jamii

Leo tuzungumzie maneno mnayoyaona mara kwa mara katika vitabu vya wagonjwa: "aleji ya penisilini." Yakishaandikwa, humfuata mtu maisha yake yote. Swali langu ni hili: nani aliyathibitisha?

Mzio, au aleji kama wengi tunavyouita, ni mwili kuipiga vita dawa kana kwamba ni adui. Mzio wa haraka huja ndani ya dakika chache, au saa moja hivi: midomo na uso kuvimba, mabaka yanayowasha, kupumua kwa shida, hata kuzirai. Hiyo ni dharura. Mgonjwa akimbizwe hospitalini adungwe adrenalini. Lakini kichefuchefu au kuharisha kidogo baada ya kumeza dawa si mzio. Na mtoto mwenye maambukizi ya virusi anaweza kutokwa na vipele akiwa anatumia amoksilini, dawa ikalaumiwa bure.

Utafiti uliofanywa Marekani unaonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 husema ana mzio wa penisilini. Wakipimwa, 9 kati ya 10 au zaidi huweza kuitumia bila shida. Wengine hawakuwa na mzio tangu mwanzo. Wengine walikuwa nao ukaisha, kwani baada ya miaka 10, takriban 8 kati ya 10 ya waliokuwa na mzio wa haraka huwa hawana tena.

Je, kuna ubaya gani kuandika tu ili kujihadhari? Upo. Mama mjamzito akipatikana na kaswende, sindano ya penisilini ndiyo dawa ya kutegemewa ya kumlinda mtoto aliye tumboni. Neno lililoandikwa kwa kubahatisha linaweza kumchelewesha kuipata, mtoto akafia tumboni au akazaliwa na ugonjwa.

Sasa vipimo. Wengi huomba "wapimwe damu." Kipimo hicho hutafuta kingamwili za mzio zinazoitwa IgE. Zikionekana, daktari huzizingatia. Zisipoonekana, hilo peke yake halitoshi kusema mtu yuko salama. Kipimo cha ngozi husaidia zaidi: dawa kidogo iliyozimuliwa huwekwa kwenye ngozi, ikachomwa kidogo, kisha mtaalamu hutazama baada ya dakika 15 hadi 20 kama pamevimba. Pasipovimba, mgonjwa humezeshwa dawa yenyewe huku akiangaliwa.

Vipimo hivi vya ngozi na vya kumeza hufanywa hospitalini na wataalamu, adrenalini ikiwa tayari. Mtu asijijaribu nyumbani wala kwenye duka la dawa. Aliyewahi kubabuka ngozi na kutoka vidonda mdomoni au machoni kwa sababu ya dawa, kama vile septrini, asijaribiwe kwa dawa hiyo tena.

Kwa hivyo, mkiambiwa "nina aleji," ulizeni: Ni dawa gani? Ilikuwa lini? Dalili zilikuwa zipi, na zilianza baada ya muda gani? Alitibiwaje? Je, ameshawahi kuitumia tena baadaye? Andikeni majibu, kisha mpeni rufaa. Msifute maneno hayo wenyewe, wala msimwambie mtu kwamba hana mzio. Uamuzi huo ni wa daktari.

Na dawa ikimdhuru mtu kijijini, kijulisheni kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili ripoti ifike kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Nyinyi ndio mnaoingia nyumbani mwa watu na kusikia habari kamili. Majibu mtakayoandika ndiyo yatakayomwezesha daktari kujua nani apimwe, na nani asiguswe na dawa hiyo kamwe. Sasa karibuni kwa maswali.